Dondoo muhimu: Gitaa limevunjika, litengenezwe au linunuliwe jingine?

Kwanza legeza nyuzi zote. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, na ufa mdogo hupanuka zikibaki zimekazwa.

Kisha chungulia shingo kuanzia kichwani, jicho moja limefumbwa. Ikiwa imenyooka, usikate tamaa. Ufa wa ubao wa mbele, kibao cha nyuzi kilichobanduka, hata kichwa kilichokatika lakini vipande bado vinakutana barabara, vyote hushika kwa gundi nyeupe ya mbao na vibano vilivyoachwa usiku kucha. Seremala makini wa hapa kwetu Busasamana anaiweza kazi hiyo. Supaglu mkataze kabisa: ikishakauka, kurekebisha tena ni taabu.

Shingo iliyopinda kwenye gitaa la plaiwudi la bei nafuu ni habari nyingine. Uliza bei mjini Gisenyi. Matengenezo yakizidi nusu ya bei ya gitaa jipya, mimi ningenunua jipya, nikabaki na funguo za kukazia nyuzi za lile la zamani kama vipuri. Gitaa la mbao nzima lipiganie zaidi, maana sauti yake hukomaa kwa miaka.

Msimu wa mvua, litunze ndani ya mfuko wake, mbali na jiko na ukuta wenye unyevu.