Somo la 14: Kwa Nini Gharama ya Ujenzi Hupanda?

Mahali reli inapokata barabara ni mahali pa hatari. Treni haiwezi kusimama ghafla. Kwa hiyo geti hufungwa, na watu husubiri mpaka treni ipite.

Leo tutasoma habari za mji wa Melbourne, katika jimbo la Victoria, nchini Australia. Tutaona jinsi mpango wa ujenzi ulivyobadilika na fedha zikaongezeka.

Shida ya Melbourne

Melbourne ni mji wenye watu zaidi ya milioni 5. Reli zake nyingi zilijengwa kabla magari hayajaingia mjini. Baadaye watu waliongezeka. Treni ziliongezeka, na magari pia. Mahali pengine, katika saa mbili za asubuhi watu waendapo kazini, geti lilifungwa kwa jumla ya zaidi ya saa moja. Tena watu waligongwa na treni na kufa.

Mwaka 2014, wakati wa uchaguzi, chama cha Labor kiliahidi kuondoa makutano 50 ya reli na barabara katika miaka 8. Chama hicho kilishinda. Makisio ya gharama yalikuwa dola za Australia bilioni 5 hadi 6. Bilioni moja ni milioni elfu moja.

Juu au chini?

Kuondoa makutano si kung'oa reli. Ni kutenganisha reli na barabara, ili moja ipite juu na nyingine chini.

Njia moja ni kuchimba mtaro mpana na kushusha reli humo. Mwaka 2016 ilifanyika hivyo katika vitongoji vya Ormond, McKinnon na Bentleigh. Reli ilifungwa kwa wiki kadhaa, na abiria walipanda mabasi.

Njia nyingine ni kuinua reli juu ya nguzo. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kwamba itafanya hivyo kati ya Caulfield na Dandenong, ili kuondoa makutano 9. Wakazi wengi walikasirika. Walisema treni zitapita juu ya nyua zao na kuleta kelele. Walitaka mtaro. Serikali ilijibu kwamba nguzo zitaacha nafasi ya viwanja chini yake, na treni zitaendelea kupita wakati wa ujenzi. Reli ya juu ilijengwa, na mwaka 2018 makutano yote 9 yalikuwa yameondolewa.

Fedha zaongezeka

Mwezi Desemba 2017, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Victoria alitoa taarifa. Alisema kazi ya makutano 50 itagharimu dola bilioni 8.3. Alisema pia kwamba maelezo kamili ya mpango yalimalizika baada ya kazi kuanza.

Kazi haikusimama. Baadaye lengo liliongezwa mpaka makutano 110 ifikapo mwaka 2030. Kufikia mwisho wa mwaka 2024, makutano zaidi ya 80 yalikuwa yameondolewa.

Gharama za kazi kama hizi hupanda kwa sababu nyingi. Hizi ni nne:

1. Ardhi ina siri. Mafundi hukuta mabomba, nyaya na maji, navyo huhitaji kazi zaidi.
2. Mchoro hubadilishwa. Kila badiliko huleta hesabu mpya.
3. Kazi huongezwa. Makutano yakiondolewa, mara nyingi kituo cha treni hujengwa upya pia.
4. Muda hupita. Bei ya saruji na chuma hupanda, na mishahara pia.

Basi, gharama ikipanda, si lazima kuwa kuna wizi. Lakini huwezi kujua kama hakuna wizi mpaka uonyeshwe hesabu. Mkaguzi alisema wazi, ndiyo maana wananchi wa Victoria walijua.

Na sisi je?

Kijiji kikijenga darasa, mambo ni yale yale, ila fedha ni kidogo. Mmekubaliana vyumba viwili. Katikati ya kazi mtu anasema, "Tuongeze baraza." Labda baraza ni jambo jema. Lakini kabla ya kukubali, ulizeni: Baraza litagharimu kiasi gani? Nani atalipa? Kazi itachelewa kwa muda gani? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya wote. Wewe sasa unajua kusoma. Unaweza kuyasoma mwenyewe. Kuuliza si ujinga.

Maneno mapya

Makisio: hesabu ya gharama inayofanywa kabla ya kazi.
Mkaguzi: mtu anayechunguza hesabu.
Mchoro: picha inayoonyesha jinsi jengo litakavyokuwa.

Maswali

1. Kwa nini wakazi wengi hawakutaka reli ya juu?
2. Toa bilioni 6 katika bilioni 8.3. Gharama ilizidi makisio kwa kiasi gani?
3. Taja sababu mbili za gharama kupanda.
4. Zungumzeni: Katika kijiji chenu, ni kazi gani ilibadilishwa katikati? Je, hesabu mpya ilisomwa mbele ya watu?