Mchaichai: tuchunge harufu yake

Mtu akitaka kununua fungu la mchaichai (sitroneli), kwanza analeta kwenye pua. Harufu ikikosa, anarudisha. Kwa hiyo tunachouza ni harufu.

Harufu hiyo inatoka kwenye mafuta yaliyo ndani ya jani. Sehemu yake kubwa inaitwa sitrali. Kwenye jua kali mafuta hayo yanaruka upesi. Na hapa Mubi, kwa sababu ya mvua mingi, tuko na adui wa pili: ukungu. Fungu lenye ukungu halifai kunywa wala kuuza.

Basi tufanye hivi:

1. Tukate asubuhi, umande ukisha kukauka. Tuache shina la sentimita 10 mpaka 15 ili lichipuke tena.

2. Tukatekate majani, tuyatandaze juu ya meza ya matete, chini ya paa, penye upepo. Si pembeni ya moto: jani linashika moshi.

3. Tugeuze kila siku. Jani likivunjika mkononi, limekauka.

4. Tufunge katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na makayabo na petroli.

Nyumbani, mumimine maji ya moto juu ya majani, mufunike dakika 5 mpaka 10. Mvuke ukitoka, harufu inaenda nao.

Mchaichai hauna kafeini kama majani ya chai, ndiyo maana unafaa kabla ya kulala. Lakini hauponyeshi malaria: mwenye homa aende kituo cha afya.