Mkojo Unaporudi Figoni: Ultrasaundi ya Mtoto Inaonyesha Nini?

Mtoto mchanga ana homa kali, anatapika, hataki kunyonya. Kipimo cha malaria hakikuona kitu, kifua hakina shida. Mzazi, usiondoke kabla mkojo wake haujapimwa. Kwa mtoto ambaye hajajua kusema, maambukizi ya njia ya mkojo huweza kujitokeza kwa homa tu. Baadhi ya watoto hao mkojo wao, ukishafika kwenye kibofu, hurudi juu kuelekea figo.

Mrija utokao figoni hupenya ukuta wa kibofu kimshazari, hivyo kibofu kikijaa au kikijikamua, mrija hubanwa na kujifunga. Sehemu ya mrija iliyo ndani ya ukuta ikiwa fupi mno, haifungi. Bakteria hupanda pamoja na mkojo, na maambukizi yakijirudia figo huweza kubaki na makovu yasiyofutika.

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi ya figo na kibofu. Hakina mionzi, hakiumi, na mtoto aweza kupimwa akiwa amepakatwa. Mpimaji hupaka jeli tumboni na mgongoni, kisha hutazama ukubwa wa figo, kama zimetanuka kwa mkojo, na unene wa ukuta wa kibofu. Mnyonyeshe kabla ya kipimo, au mpe maji ikiwa ameshavuka miezi sita, maana kibofu chenye mkojo huonekana vizuri zaidi.

Hapa wazazi wengi hutulia mapema mno. Ultrasaundi ya kawaida inaweza kutoka safi kabisa, na bado mkojo unarudi. Maambukizi yakijirudia, au figo ikionekana imetanuka, daktari anaweza kuagiza kipimo kingine: mpira mwembamba huingizwa kwenye kibofu, hutiwa dawa inayoonekana kwenye picha, na mtoto hupigwa eksirei akikojoa. Zipo hospitali zinazotumia ultrasaundi hata katika hatua hii, kwa kutia kimiminika chenye vipovu vidogo sana vya gesi vinavyong'aa kwenye skrini. Marekani iliidhinisha dawa ya vipovu kwa kazi hii mwaka 2016. Mpira bado unahitajika, ila mionzi haipo.

Tatizo hili la mkojo kurudi lina daraja la 1 hadi la 5. Madaraja ya chini mara nyingi huisha mtoto anavyokua. Ya juu huweza kuhitaji dawa ya kinga ya kila siku au upasuaji.

Tunza majibu yote ya vipimo na uende nayo kila kliniki. Homa ikirudi, mweleze mhudumu historia ya mtoto, na uombe mkojo uchukuliwe siku hiyohiyo, kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki.