Wewe ni wa Ngapi? Niliyojifunza Nikisomea Familia

Miaka mitatu nilisomea makuzi ya binadamu na mahusiano ya familia, tangu mimba hadi uzee. Nilipowaeleza hivyo nyumbani Kibosho, juu ya mji wa Moshi, shangazi alicheka: "Yaani tumechanga ada ukajifunze kuzaa na kuzeeka?" Nilikosa jibu. Haya ndiyo niliyoyapata, machache yake darasani.

1. Umri si swali la kwanza

Mwanasaikolojia Erik Erikson aliyagawa maisha ya mtu katika hatua 8, nami nilizikariri zote kwa ajili ya mtihani. Migombani wana swali fupi zaidi: wewe ni wa ngapi? Kwa mila yetu Wachagga, kijana wa kwanza hutafutiwa kihamba chake, yaani shamba la migomba la familia, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi, pamoja na wazazi wenyewe. Wa katikati hujitafutia.

Baba yangu ni wa tatu kati ya wavulana watano. Aliondoka na begi moja kwenda Dar es Salaam akiwa na miaka 17, na siku zote nilidhani alivutwa na mji. Siku moja nilikizunguka kihamba cha babu kwa miguu: ekari moja na nusu, migomba, kahawa, zizi la ng'ombe wawili. Kigawe mara tano, kila mtu anabaki na uwanja wa kuanikia kahawa. Baba aliijua hesabu hiyo kabla ya kumaliza shule.

Na baba mdogo, kitinda mimba, ambaye ukoo mzima humwona ana bahati? Tangu bibi aanze kuumwa miguu, hajalala nje ya Kibosho hata wiki moja. Nani kati yao amerithi na nani amefungwa, mpaka leo nabishana na nafsi yangu.

2. Nadharia nyingine zina asili ya jirani

Tulizoea kunung'unika kwamba tunasoma habari za watoto wa Kizungu tu. Kumbe Mary Ainsworth, jina kubwa katika somo la mtoto kushikamana na mama yake, alianza uchunguzi huo vijijini karibu na Kampala katikati ya miaka ya 1950, akiwatembelea akina mama wa Kiganda majumbani mwao. Kitabu chake juu ya Uganda kilitoka mwaka 1967. Nilimsimulia bibi, hakushangaa. Mzazi huku hulishwa mtori, akapumzishwa hata miezi mitatu. "Ukimpa jembe," aliniuliza, "mtoto atamjua saa ngapi?"

3. Dodoso

Kwenye fildi nilimuuliza mama mmoja mzee: mkuu wa kaya ni nani? "Mwanangu." Yuko wapi? "Mbagala, Dar es Salaam." Huja lini? "Desemba." Maelekezo yangu yalisema kaya ni wanaolala pamoja na kula chungu kimoja, basi nikafuta, nikamwandika yeye. Akaniona. "Unamtoa mwanangu kwake?" Nikafuta tena, karatasi ikatoboka. Wakati huo huo simu ikaita: ni huyo wa Mbagala, anasema ng'ombe asiuzwe. Hakuuzwa.

4. Usiwapime ndugu zako

Nilimwambia baba mdogo kwamba yuko hatua ya 7 ya Erikson. Akanituma nikamkatie ng'ombe majani.

5. Mtoto wa kwanza, lakini wa kike

Mimi ni wa kwanza kwetu na nimepewa jina la bibi mzaa baba. Hata hivyo, zamu za kihamba zinapohesabiwa, wasichana tunarukwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kanuni za mirathi ya kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinampa binti fungu dogo kuliko la kaka yake. Zote ni sheria za nchi moja.

Chuoni kwetu jambo hili lilipewa kipindi kimoja, Ijumaa jioni, nusu ya darasa wameshaondoka. Hatua za Erikson zilipewa wiki nne. Mnaopanga mitaala, naomba mbadilishe.