KUKU WATEUZI WA CHAKULA, NA NAMNA YA KUWALISHA

Mfugaji aliye na kuku wanane au kumi uani kwake hulalamika mara nyingi ya kuwa kuku hao ni wateuzi mno. Huwamwagia pumba, nao huidonoa mara mbili tatu, kisha huipa kisogo na kwenda kuchakura chini ya migomba. Huwapa mahindi, nao huyamaliza upesi kana kwamba hawajala tangu jana. Mwisho wake husema, "Hawa wamedekezwa," akaamua ama kuwapa mahindi matupu kila siku, ama kuwanyima chakula mpaka washike adabu. Njia zote mbili humtia hasara. Kuku haringi. Akikataa chakula, ipo sababu, na mara nyingi sababu hiyo yaweza kutafutwa kwa macho na mikono.

Jambo la kwanza hufanywa usiku. Kuku wakiisha kupanda kwenye fito zao za kulalia, mshike mmoja polepole, upapase mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, mbele ya kifua. Ukiwa umejaa, hata vidole vyako vyahisi punje ndani yake, jua ya kuwa kuku huyo ameshiba. Katika Kawetele, na mahali pengi pa Rungwe ambapo nyumba na migomba vimekaribiana, kuku hujipatia riziki yake kotekote: nyungunyungu katika udongo wenye rutuba, mahindi yaliyoanikwa kwa jirani, makombo ya ugali nyuma ya jiko. Hurudi nyumbani ameshiba, nawe wamwita mteuzi. Lakini ukiukuta mfuko mtupu usiku, hilo ni jambo jingine, nasi tutalisema mbele.

KUKU ACHAGUAVYO

Mtu huchagua chakula kwa ulimi na pua. Kuku huchagua zaidi kwa macho na kwa ncha ya mdomo wake. Viungo vya kuonjea kinywani mwake ni vichache sana kuliko vya mtu. Utamu wa sukari hauhisi kama sisi, wala ukali wa pilipili haumchomi. Basi mtu atiaye sukari katika pumba ili kuku waipende, sukari yake imepotea bure. Kuku hutazama umbo, rangi na ukubwa wa kile kilicho mbele yake. Apenda punje au chenga awezayo kuishika barabara. Unga mkavu haupendi, kwa kuwa humganda mdomoni na hauokoteki. Tena kitu asichopata kukiona hukiogopa, hata kiwe kizuri namna gani.

Mama mmoja wa Kawetele alinionyesha chombo cha chakula cha kuku wake. Akasema, "Tazama, bwana shamba, nimenunua chakula kizuri kwa fedha yangu, nao wameacha nusu yake. Na mayai yamepungua." Nikamwomba ruhusa, nikakimimina chombo kile juu ya gunia. Chenga za mahindi hazikuwamo hata moja. Kilichobaki kilikuwa unga wa rangi ya udongo, nao ulinuka dagaa. Nikamwambia, "Mama, kuku wako wamekula mahindi wakaacha samaki. Kilichobaki chini ya chombo ndicho kilichogharimu fedha nyingi."

Hilo ndilo jambo ninalotaka kila mfugaji alishike. Chakula kilichochanganywa ni chakula kamili endapo kuku atakila chote. Akiachiwa kuchagua, atachagua nguvu ya mahindi na kuacha vile vijengavyo mwili na yai. Hivyo atanenepa, na mayai yatapungua, na manyoya yatakuwa hafifu.

Dawa yake si ngumu. Kwanza, mahindi yaparazwe yawe chenga ndogo, si punje nzima, na dagaa na mashudu visisagwe kuwa vumbi bali vitwangwe viwe chenga za ukubwa ule ule. Mdomo usipopata kikubwa na kidogo, hauna la kuchagua. Pili, chakula kilowanishwe kwa maji kidogo mpaka unga ushikamane na chenga. Ukikifumba mkononi kifanye donge, na ukikigusa kivunjike. Katika Rungwe maziwa hupatikana kwa wingi, na maziwa mgando yaliyoondolewa siagi ni bora kuliko maji kwa kazi hii. Tatu, usijaze chombo. Wape kile watakachokimaliza kwa muda wa nusu saa, asubuhi kidogo na jioni zaidi, usiongeze mpaka chombo kiwe kitupu.

Ukibadili chakula, badili polepole. Kwa siku tatu changanya robo ya chakula kipya na robo tatu za kile cha zamani. Siku tatu nyingine nusu kwa nusu. Siku tatu nyingine robo tatu za kipya. Siku ya kumi wape kipya chote. Kuku aliyefungiwa njaa ili akubali chakula kigeni huacha kutaga kabla ya kushindwa ubishi.

MCHANGANYIKO WA NYUMBANI

Kwa kilo 10 za chakula cha kuku watagao ambao pia hutembea nje, chukua mahindi yaliyoparazwa kilo 5, pumba ya mahindi au ya mpunga kilo 2, mashudu ya alizeti kilo 2, na dagaa wakavu kilo 1. Usipa wa Ziwa Nyasa wafaa sana. Ongeza chumvi vijiko vitatu vya chai, ila kama samaki wametiwa chumvi, basi usiongeze kitu. Majani mabichi, kama mchicha au majani ya maboga, yafunge kwa kamba na kuyaning'iniza mahali kuku afikapo kwa kunyoosha shingo. Akiyavuta yatikisikayo huyala kwa bidii kuliko yaliyotupwa chini.

Chokaa usiichanganye ndani. Ganda la yai karibu lote ni chokaa, na kuku huliumba kwa muda wa saa 20 hivi, sehemu kubwa ikiwa usiku. Kwa hiyo tetea atagaye hutafuta chokaa wakati wa jioni, naye hujua kipimo chake. Jogoo na mwari wasiotaga hawakihitaji kipimo hicho. Weka maganda ya mayai yaliyookwa na kupondwa kabisa, au mawe ya chokaa yaliyopondwa, katika chombo cha peke yake. Hapa uteuzi wa kuku ni akili, mwache achague. Kando yake weka changarawe ngumu za mtoni, kwa maana kuku hana meno na firigisi yake husaga kwa mawe.

Tena angalia adabu ya kuku wenyewe. Kila kundi lina mkubwa na mdogo wake, na kuku wa chini hupigwa akikaribia chombo. Mwenyewe humwona amesimama mbali, husema hataki kula. Weka vyombo viwili au vitatu mbalimbali, nawe utaona kama hataki.

KUKU ANAPOKATAA KWA HAKI

Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo huharibu chakula cha mifugo kuliko panya. Gunia lililowekwa sakafuni huvuta maji kwa chini, na ukungu huanza mahali usipopaona. Kuku akisitasita mbele ya chakula alichokizoea, tia mkono mpaka chini ya gunia, unuse. Kikiwa na ukungu, au kimeshikamana mabonge, au kina harufu ya chumba kilichofungwa, kitupe mbali. Usikianike ukampa kesho, wala usikipike. Sumu ya ukungu haiondoki kwa jua wala kwa kuchemsha.

Wala usiseme, "Lakini wengine wamekila." Mwaka 1960 katika Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, nao walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Walikula bila kusita. Ndipo wataalamu walipoitambua sumu ile ambayo sisi twaiita sumukuvu. Nayo haichagui ndege na mtu: mwaka 2016 watu waliugua, na wengine wakafa, katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yaliyokuwa nayo. Basi mahindi usiyothubutu kuwapa watoto wako usiwape kuku. Gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na chakula kilicholowanishwa kisilale hata usiku mmoja.

Vipo na vitu vingine ambavyo uani kwetu hutupwa kwa kuku bila kufikiri. Maharage mabichi yana sumu; yachemshwe mpaka yaive kabisa. Viazi mviringo vilivyogeuka kijani visitolewe. Na parachichi, ambalo sasa limejaa Rungwe, lina sumu katika majani, ganda na kokwa yake, ambayo imeua ndege wadogo wafugwao vizimbani. Kuku hustahimili zaidi, lakini hakuna haja ya kumjaribu.

KUKU ASIYEKULA KABISA

Sasa turudi kwa yule uliyempapasa usiku ukakuta mfuko mtupu. Kuku huyu siye mteuzi. Akiwa amejikunyata, manyoya yamesimama, mabawa yameanguka, kinyesi ni cha majimaji chenye rangi ya kijani, au shingo yajipinda, shuku kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Ugonjwa huu waweza kumaliza kuku wa kitongoji kizima kwa siku chache, na wengi waliopoteza kuku wote walipoteza siku mbili za kwanza wakibadili pumba. Mtenge mara moja, wengine wasitoke nje, mjulishe ofisa mifugo, wala usimchinje ukatupa manyoya na matumbo njiani, wala usimpeleke mnadani.

Dawa ya kumponya hakuna. Iko chanjo ya kumkinga aliye mzima. Ile iitwayo I-2 hustahimili joto kuliko nyingine, nayo hutiwa tone moja katika jicho moja, kwa kuku wakubwa na vifaranga sawasawa, ikarudiwa kila miezi mitatu. Wafugaji wa jirani wachanje siku moja, asubuhi mapema kabla kuku hawajafunguliwa, maana chupa moja hutosha kuku wengi na ikiisha kufunguliwa haiwekwi.