Upasuaji wa Goti Umekwisha, Kazi Ndiyo Inaanza

Pole. Umekatika ACL, ile ligamenti ya katikati ya goti inayozuia mfupa wa ugoko usichomoke kwenda mbele. Pengine hata hukuguswa na mtu: ulikuwa unakimbia, ukageuka ghafla, goti likalia "paa", na kufika jioni lilikuwa limejaa. Upasuaji wenyewe huchukua saa moja au mbili. Kupona huchukua karibu mwaka mzima, na daktari mpasuaji hatakuwapo kwa sehemu kubwa ya mwaka huo. Utakuwa wewe, mtaalamu wa fiziotherapia na watu wa nyumbani kwako.

1. Usikimbilie kisu. Goti likipasuliwa bado limevimba na halinyooki, huwa katika hatari ya kukakamaa. Kwa kawaida wiki za mwanzo ni za kushusha uvimbe, kulinyoosha goti na kurudisha nguvu za paja. Tena si kila aliyekatika ACL anahitaji upasuaji. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia vijana 121, na kati ya walioanza na mazoezi, zaidi ya nusu walikuwa bado hawajapasuliwa baada ya miaka 2. Mchezaji anayetaka kurudi kwenye soka au kikapu, au mtu ambaye goti lake linateguka hata akitembea sokoni, huyo ana sababu nzito ya kupasuliwa. Kaa na daktari mlijadili.

2. Tenga pesa za mazoezi kabla ya kulipia upasuaji. Hapa ndipo tunapoangushana. Familia inachanga, bima inalipa, mgonjwa anapasuliwa vizuri, halafu nauli na ada za kliniki ya fiziotherapia zinakosekana mwezi wa pili. Uliza mapema: bima yangu inagharamia mahudhurio mangapi? Kama ni machache, yasambaze mwaka mzima, na kila unapokwenda omba programu ya kufanyia nyumbani, iliyoandikwa na kuonyeshwa kwa vitendo.

3. Mto usikae chini ya goti. Mama au dada atakuwekea mto hapo kwa upendo, na kweli utapata nafuu, kwa sababu goti lenye maumivu hupenda kujikunja. Lakini goti likizoea kulala limekunjwa, kulinyoosha tena ni kazi kubwa, na asiyenyoosha goti hadi mwisho hutembea akichechemea. Weka taulo lililokunjwa chini ya kisigino, goti lining'inie na kujinyoosha lenyewe. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Kama kuna jambo moja tu utakalolishika katika wiki 2 za kwanza, liwe hili.

4. Amsha paja. Uvimbe ndani ya goti huufanya mwili uuzime msuli wa mbele ya paja, ndiyo maana paja linasinyaa haraka. Kaza msuli huo ukiwa umenyoosha mguu, hesabu hadi 5, achia, rudia. Kisha jaribu kuinua mguu mzima bila goti kukunjika. Zoezi hili laonekana la kitoto, ila bila hilo paja halitakuwa tayari kwa mazoezi mazito. Na ule vyakula vya kujenga misuli: dagaa, maharage, mayai, samaki.

5. Panga nyumba kabla hujarudi na magongo. Choo cha kuchuchumaa hakitakufaa kwa muda mrefu. Tafuta kiti cha choo au fundi akutengenezee. Anayeswali aswali kwenye kiti mpaka aruhusiwe kusujudu. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mguu mgonjwa. Bodaboda isubiri. Na kama gegedu la goti nalo lilishonwa, masharti ya kukanyaga na kukunja hubadilika, kwa hiyo usifuate ratiba ya jirani aliyefanyiwa upasuaji kama wako.

6. Usichuliwe. Mafuta ya moto na mikono yenye nguvu havina nafasi kwenye goti jipya. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa inatosha kwa uvimbe. Nyama za nyuma ya ugoko zikivimba na kuuma, hiyo yaweza kuwa damu iliyoganda: usizikande, nenda hospitali. Ukikosa pumzi au kifua kikibana, nenda saa hiyo hiyo. Homa, au kidonda kinachotoa usaha, navyo havisubiri kesho.

7. Maumivu yakiisha, ongeza tahadhari. Mara nyingi daktari hutengeneza ligamenti mpya kwa kano yako mwenyewe, kwa mfano ya nyuma ya paja au ya chini ya pia ya goti. Ikihamishwa, kano hiyo hukatiwa damu, na mwili huanza kuijenga upya. Katikati ya ujenzi huo, takribani wiki ya 6 hadi ya 12, huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa siku ya upasuaji. Na ndizo wiki ambazo uvimbe umeshuka, magongo umeyaacha, na marafiki wanakuambia "umepona, njoo ugongegonge mpira kidogo." Usiende.

8. Miezi 9, halafu vipimo. Watafiti wa Norway waliandika mwaka 2016 kwamba kila mwezi mchezaji aliochelewesha kurudi uwanjani, hadi mwezi wa 9, uliendana na kupungua kwa majeraha mapya ya goti kwa takribani nusu. Hata miezi 9 ikitimia, kalenda pekee haitoshi. Mguu uliopasuliwa uruke na kusukuma uzito kwa angalau asilimia 90 ya mwenzake. Mfano ni Virgil van Dijk, beki wa Liverpool: alikatika ACL Oktoba 17, 2020, na timu yake ya taifa ya Uholanzi, ambayo alikuwa nahodha wake, ilikuwa inakwenda Euro kiangazi kilichofuata. Alibaki nyumbani. Mechi yake ya kwanza ya ligi ilikuwa Agosti 14, 2021, na Liverpool ikaendelea kumtegemea kwa miaka mingi.

9. Ukirudi, usiache mazoezi. Programu ya kupasha misuli ya FIFA 11+ ni ya bure, huchukua kama dakika 20, na haihitaji kifaa zaidi ya mpira. Inapunguza majeraha kwa timu nzima, na wasichana wasiachwe nyuma, maana ACL zao hukatika mara nyingi kuliko za wavulana katika michezo ile ile.

Nanyi viongozi wa timu za mitaani na za shule, mchezaji wenu akiumia goti, msiishie kumchangia siku ya upasuaji. Mlipieni fiziotherapia, na msimuulize atarudi lini kabla mtaalamu wake hajasema yuko tayari.