Maana ya Neno Kukodi Katika Nchi ya Chai

Katika masoko ya Kericho na Bomet neno kukodi halimtatizi mtu. Mwenye shamba humpa jirani yake kwa msimu mmoja au miwili, jirani hupanda viazi au mahindi, fedha hulipwa, na mavuno yakiisha shamba humrudia mwenyewe. Anayelitwaa amekodi, anayelitoa amekodisha. Yasikitisha kwamba siku hizi wengi husema “nimekodisha shamba” kwa maana zote mbili, hata msikilizaji hulazimika kuuliza ni nani aliyepokea fedha. Katika mazungumzo kosa hili ni dogo; katika hati laweza kumpotezea mtu haki yake.

Kiini cha neno hili ni kurudi. Kitu kilichokodiwa kina mwenyewe, na siku ya kumrudia hujulikana tangu mwanzo. Hapo sheria, ambayo mapatano ya namna hii huyaita lisi, hukubaliana na desturi ya soko. Lakini huachana nayo katika urefu wa muda, na zaidi sana katika jina la mwenyewe.

Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 iliruhusu lisi za miaka 99. Ile ya mwaka 1915 ikaruhusu miaka 999. Ni kweli kwamba mche wa chai hauendani na mapatano ya msimu, kwa kuwa hungojewa miaka kadhaa kabla ya kuchumwa sawasawa, kisha aghalabu huishi kuliko aliyeupanda. Hata hivyo miaka 999 ni zaidi ya vizazi thelathini. Mtu wa kawaida akiisikia hesabu hiyo hudhani ardhi imeuzwa, wala si ajabu kwamba watu husema “ardhi ya kampuni”.

Mkipsigis ambaye babu zake walikaa katika vilima hivyo kabla ya mashamba makubwa ya miaka ya 1920 aweza kufikiri hivi: kilichokodiwa humrudia aliyekitoa, basi ardhi hii itaturudia sisi. Kwa Kiswahili cha sokoni hoja yake ni sawa. Lakini katika hati aliyekodisha si babu yake, bali ni Taji, yaani Mfalme wa Uingereza. Sheria ya mwaka 1915 iliihesabu hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa ya Taji, na katika miaka ya 1920 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi iliyotoka nchi ya Wakikuyu, iliamua kwamba Mwafrika juu ya ardhi hiyo ni mpangaji tu, akaaye kwa ridhaa ya Taji. Hivyo mwenyeji akafanywa mpangaji, na mgeni akapewa hati.

Baada ya Uhuru mwaka 1963 Serikali ya Kenya ilishika mahali pa Taji, na hati zikabaki. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 ndiyo iliyopunguza muda. Kwa kifungu cha 65, asiye raia hawezi kushika ardhi ila kwa lisi isiyozidi miaka 99, na kampuni haihesabiwi kuwa raia isipokuwa imemilikiwa yote na raia. Miaka 99 ikihesabiwa tangu siku ile itaisha mwaka 2109. Asiye raia aliyekuwa na milki ya daima alistahili lisi kwa kodi iitwayo ya punje ya pilipili manga. Hakuna atakayepeleka pilipili ofisini. Ni kodi ndogo mno, ya kukumbusha tu kwamba mwenyewe ni mwingine.

Na huyo mwenyewe ni nani? Kwa kifungu cha 62, ardhi inayoirudia Dola ni ardhi ya umma. Ardhi ya namna hiyo huwekwa katika serikali ya kaunti kwa amana ya wakazi wake, nayo husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Wakazi ni wote wakaao humo, pamoja na wachuma chai waliotoka mbali, wala si wajukuu wa waliohamishwa peke yao. Madai ya hao wajukuu yana njia nyingine: kifungu cha 67 kimeipa Tume hiyo kazi ya kuchunguza dhuluma za ardhi za zamani. Anayengoja lisi iishe ili apate shamba la babu yake amesoma hati ambayo jina la babu yake halimo.